Mapito ya Tembo Hayakatwi Kipande

 

Msimu uliopita, mahindi yakiwa yamebeba, nilitoka hapa Songea kwenda kumsalimia mjomba wangu Namtumbo, katika kijiji kimoja kilicho upande wa kaskazini wa barabara iendayo Tunduru. Sikumkuta nyumbani. Mama mkubwa wa nyumba ile akaniambia, "Mjomba wako siku hizi halali hapa, analala dunguni." Nikaandaliwa ugali na uyoga, nikala, na jioni nikamfuata huko huko.

Kwa msikilizaji wa mjini asiyelijua dungu, ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, kina ngazi ya miti na paa la nyasi. Mjomba alikuwa na tochi, debe bovu la kupiga, na chini alikuwa amekoka moto wa magogo mawili unaofuka usiku kucha. Shamba alikuwa amelizungushia kamba ya katani, na kwenye kamba ametundika vitambaa vilivyochovywa katika oili chafu iliyokorogwa na pilipili kichaa. Tembo ana pua kali na harufu ile inamkera. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, pilipili inaishiwa nguvu, inabidi uchovye upya. Na oili chafu nayo siku hizi fundi wa pikipiki haitoi bure.

Walikuja kama saa nane usiku. Kuwaona sikuwaona, niliwasikia. Mabua yalikuwa yakivunjika kama mtu anayevunja miwa gotini, kukawa kimya, yakavunjika tena, safari hii karibu zaidi. Tukapiga debe, tukapiga kelele, wa dungu la jirani nao wakaitikia, na wa dungu la tatu kule bondeni. Baada ya muda wakaondoka. Kulipopambazuka tukashuka kuangalia. Pamelazwa kama nusu eka, nyayo zimedidimia kwenye udongo laini, kila moja upana wa sinia. Mjomba hakulalamika. Alipima kwa hatua, akarudi akipita mstari kwa mstari, akaokota mahindi ambayo hayakukanyagwa na kuyatia kwenye kiroba. "Haya tutachemsha," akasema. Kisha akaniambia neno ambalo nimekuwa nalo tangu siku ile.

"Mjomba," maana ndivyo tunavyoitana mimi na yeye, "lile pori kule juu mimi ni mmoja wa tulionyosha mkono likatengwa. Tembo simchukii. Lakini wale waliokuja kutushawishi tutenge, mbona usiku siwaoni?"

Swali hilo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo.

Tuanze na hilo pori lenyewe. Kaskazini yetu kuna Pori la Akiba la Selous pamoja na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyomegwa kutoka humo mwaka 2019. Kusini, ng'ambo ya Mto Ruvuma, kuna hifadhi ya Niassa ya Msumbiji, yenye ukubwa wa takriban kilometa za mraba 42,000. Katikati ya hifadhi hizo mbili kubwa ndiko waliko watu wa Namtumbo na Tunduru, na ndiko iliko misitu ya miombo ambayo tembo, nyati, palahala na mbwa mwitu huipita wakienda na kurudi. Ukanda huo una urefu wa zaidi ya kilometa 150. Wataalamu wanauita ushoroba wa Selous na Niassa. Wazee wetu walisema tu mapito ya wanyama, na waliyajua kwa majina ya mito na vilima kabla hajaja mtu na ramani.

Wengi wetu mjini tunadhani ushoroba ule ni mali ya maliasili, umewekewa uzio wa kisheria kama Selous. La, sehemu zake kubwa ni ardhi ya vijiji. Sheria zetu mbili za ardhi za mwaka 1999 zinasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba yetu, na imegawanywa mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya vijiji. Katika fungu hilo la tatu, wanavijiji walikaa mikutano, wakapanga hapa makazi, hapa kilimo, hapa msitu, na hapa tuwaachie wanyama. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ndiyo iliyofungua mlango huo. Leo katika ushoroba kuna jumuiya tano za hifadhi ya wanyamapori: Mbarang'andu, Kimbanda na Kisungule kwa upande wa Namtumbo, Nalika na Chingoli kwa upande wa Tunduru. Ni karibu vijiji 30 kwa pamoja. Pale Likuyu Sekamaganga kuna chuo kinachowafundisha askari wanyamapori wa vijiji kutoka pembe zote za nchi. Kwa hiyo mkoa wetu katika jambo hili ni mwalimu, na hilo tulitambue.

Nawaomba mnivumilie nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna kauli inayoniudhi, kwamba wanakijiji "wamevamia" makazi ya wanyama. Mji huu tunaoishi unaitwa kwa jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Vita vya Majimaji vilipozimwa, majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Waliobaki walitawanyika. Mashamba yalirudi kuwa vichaka, na vichaka vikarudisha wanyama na mbung'o. Mwaka 1922 Waingereza wakalipa pori jina la Frederick Courteney Selous, mwindaji na mwanajeshi wao aliyeuawa kule Beho Beho Januari 1917. Miaka ya 1930 na 1940 likapanuliwa tena na tena, na watu wakahamishwa kwa maelezo ya ugonjwa wa malale na uharibifu wa tembo. Kwa hiyo kuna sehemu za pori lile ambako chini ya miti utakuta vipande vya vyungu na mawe ya kusagia. Babu za watu walikaa hapo.

Simaanishi tuvunje mipaka turudi. Miaka mia imepita, na pori limekuwa pori. Ninachotaka ni kwamba anayekwenda kuzungumza na mwanakijiji wa Mchomoro au wa Kilimasera ajue kwamba anazungumza na mtu ambaye ukoo wake umekwishatoa ardhi kwa ajili ya wanyama zaidi ya mara moja, na mara za mwanzo hakuulizwa.

Na wanyama wenyewe nao wamepata mateso yao. Mwaka 1976 tembo wa Selous na maeneo yanayolizunguka walihesabiwa kufikia takriban 109,000. Sensa ya mwaka 2013 ilikuta kama 13,000. Soma tena namba hizo moyoni, msikilizaji. Yalikuwa mauaji, ya bunduki na ya pesa, na pembe zilipita katika barabara zetu na bandari zetu. Juni 2014 Selous ikawekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mwaka huo huo Marekani ikasitisha kuingiza nyara za tembo kutoka Tanzania, na hilo likaja kumgusa mwanakijiji wa Ruvuma bila yeye kujua. Mapato ya jumuiya hizi yanategemea sana uwindaji wa kitalii, na mwindaji mwenye fedha nyingi alikuwa anatoka huko huko. Jangili aliua tembo, pato la zahanati ya kijiji likapungua.

Tangu hapo ulinzi umekaza na tembo wameanza kuongezeka taratibu. Lakini wanarudi kwenye mapito ambayo hayako kama walivyoyaacha.

Hebu nieleze yaliyobadilika. Sisi ni mkoa wa mahindi. Ghala la taifa linategemea Ruvuma, na mahindi yanahitaji ardhi. Tumbaku ya Namtumbo inahitaji ardhi na kuni za kukaushia. Mbaazi, ufuta na soya vimepata bei, na korosho ya Tunduru nayo inapanda kuja magharibi. Barabara ya lami ya kutoka hapa kwenda Tunduru hadi Mtwara, ambayo tuliililia miaka na miaka, imefika. Nimeisafiri nikiwa mtoto kwa lori, siku mbili tumekwama kwenye matope, kwa hiyo hutanisikia nikiilaumu. Ila lami inakata ushoroba katikati, na kando ya lami kila mwaka panaota vibanda na mashamba mapya.

Kisha kuna ng'ombe. Zamani misitu ile haikuwa na ng'ombe kwa sababu ya mbung'o. Mwenyeji alifuga mbuzi na kuku. Baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, makundi yalielekea kusini, na mengine yakafika mpaka kando ya Mto Ruvuma. Wanakuja na dawa za malale, wanafyeka, wanapata majani. Mimi simwiti mfugaji mvamizi, kama nisivyomwita mkulima mvamizi. Ni Mtanzania aliyetolewa mahali akatafuta pengine. Lakini boma la ng'ombe 500 likikaa juu ya mto pekee wenye maji mwezi wa tisa, tembo atazunguka, na akizunguka anapita kwenye mihogo ya mjomba wangu.

Na kuna urani. Kule Mkuju, wilayani Namtumbo, mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilipokutana Saint Petersburg, Urusi, ilikubali ombi la serikali yetu kumega sehemu ya Selous, chini ya asilimia 1, ili madini yachimbwe. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja kuzindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani. Vijana wetu wanataka ajira, na taifa linataka fedha, hayo nayaelewa. Nataka tu tuseme ukweli kwamba uamuzi ule wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa mpaka wa hifadhi unasogezeka sababu ikiwa nzito. Basi na chozi la mkulima aliyelazwa shamba nalo lipimwe kwa mizani ile ile.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nataka tulielewe vizuri, hata kama mengine yote utayasahau. Hifadhi ni kama shamba. Ukimega pembeni eka kumi, linapungua eka kumi, kilichobaki kinaendelea. Ushoroba ni kama bomba la maji linalotoka mlimani. Unaweza kuwa na kilometa 150 za bomba zima, zuri, lililotunzwa. Ukilikata mita moja tu, Songea nzima inakaa bila maji. Ndiyo maana hesabu ya "tumetoa kipande kidogo tu" haifanyi kazi hapa. Kijiji hiki kinampa mwekezaji kipande kidogo, kijiji kile kinampa mfugaji kipande kidogo, cha tatu kinawapa vijana wake wenyewe, na kila mmoja ana sababu njema. Vipande vitatu vikipangana mstari mmoja, mapito yamefungwa, na hakuna hata mtu mmoja aliyepiga kura ya kuyafunga.

Na mapito yakifungwa tembo hatoweki. Anabaki upande wake akigonga mlango, na mlango wenyewe ni mahindi yako.

Wapo wanaosema basi wanyama wabaki Selous na watu wabaki vijijini, kwisha maneno. Nimeisikia hoja hiyo hata kwa watu ninaowaheshimu. Ingekuwa kweli ningeiunga mkono kwa ajili ya mjomba wangu. Lakini wanyama wanafuata maji na malisho kwa majira, na anayefungiwa huvunja. Pia usidhani pori linamfaa tembo peke yake. Asali, uyoga, masuku, dawa, nyasi za kuezekea, vyote vinatoka kwenye miombo hiyo hiyo. Mito ya kaskazini ya mkoa wetu inamwaga kwenye Luwegu, Luwegu inaingia Rufiji, na Rufiji ndiyo inayozungusha mitambo ya bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Ukiwasha taa leo usiku, kuna tone la Namtumbo ndani yake.

Sisi wa Manispaa tusijione tuko nje ya shauri hili. Tazama milima ya Matogoro. Mto Ruvuma unaanzia hapo, na maji tunayokunywa yanategemea milima hiyo hiyo. Tumelima hadi kwenye chemchemi, tumekata miti, halafu mwezi wa kumi tunapanga ndoo foleni. Kama tunashindwa kulinda mlima tunaouona kutoka dirishani, tunapata wapi mdomo wa kumwambia mtu wa Mbarang'andu alinde pori?

Turudi dunguni. Watu wanapozungumza uhifadhi mezani, gharama huitwa "changamoto ya wanyama waharibifu". Jina hilo linaficha mengi. Kulala dunguni miezi mitatu ni malaria, maana chandarua hakikai vizuri pale. Mke analala peke yake na watoto, na asubuhi mtoto aliyelinda nyani anachelewa shule au haendi kabisa. Na ni hatari ya simba. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 nchini mwetu, wengi wao huku kusini na pwani, na watafiti walikuta kwamba nguruwe pori ndio kiungo: nguruwe anafuata mazao, simba anamfuata nguruwe, na mtu yuko hapo katikati amelala kulinda. Wazee wa Tunduru hawahitaji kusimuliwa hayo na mtafiti.

Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Kanuni za mwaka 2011 zilipanga kisichozidi shilingi 100,000 kwa eka, mwisho eka tano, na shilingi milioni 1 kwa roho ya mtu. Aliye ndani ya nusu kilometa kutoka mpaka wa hifadhi hakupangiwa kitu. Piga hesabu nami. Mkulima aliyetia mbolea akavuna gunia 15 tu kwa eka, na gunia akaliuza hata kwa shilingi 50,000, hiyo ni 750,000. Alifutwa jasho gani kwa laki moja, tena iliyofika msimu mwingine? Mjomba alijaza fomu miaka miwili iliyopita. Alipita kwa mtendaji, akapita ofisi moja, akatumwa nyingine, na nauli zake za kwenda na kurudi zilimfundisha kuacha kufuatilia.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Kijiji kilichotenga ardhi kwa hiari yake kwa faida ya taifa na ya dunia nzima kinastahili kulipwa kwanza, kabla ya yeyote mwingine aliye kwenye mnyororo huo. Fedha ya kitalu cha uwindaji iende kijijini kwa wakati na isomwe hadharani. Fidia ikaribie thamani ya kilichoharibiwa na ilipwe kabla ya mbegu za msimu unaofuata kuuzwa. Askari wa kijiji anayelala porini kulinda tembo apate posho yake, buti na kinga ya matibabu, maana leo wapo wanaolinda utajiri wa nchi kwa viatu vya kuazima. Hayo yakifanyika, utaona mkono wa mjomba unanyoshwa tena mkutanoni. Yasipofanyika, hakuna ramani itakayousimamisha moto wa kufyekea.

Na wewe mwanakijiji, nawe una kazi yako, ambayo haifanywi na mtu wa Dodoma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Idhini ni yako. Najua mikutano hiyo ilivyo: inaitishwa siku ya mnada, wanahudhuria watu wachache, muhtasari unaandikwa baadaye, na siku moja unashtuka kuona trekta mahali ulipokuwa unaokota uyoga. Ukimuuliza mwenyekiti anakwambia kijiji kilikubali.

Basi mkutano ujao uende. Nenda na mkeo au mumeo, na kijana wako anayedai hana ardhi, maana yeye ndiye atakayeishi na uamuzi huo. Omba ramani ya matumizi bora ya ardhi ibandikwe ukutani, mapito ya wanyama yaonyeshwe kwa kidole yanapita wapi, na usomewe fedha ya jumuiya iliyoingia mwaka huu na ilikotumika. Akitokea mtu anaomba kipande ndani ya mapito, hata awe ndugu yako, uliza vijiji jirani navyo vimetoa nini kabla hujanyosha mkono.

Mjomba wangu ameniahidi atakwenda. Ameshalirudishia dungu nyasi mpya, msimu unaanza mwezi ujao.